Jina la Mtoto wa Dzame

Hadithi hii aliisimulia kwanza Mshai binti Mwadime, siku ya Pasaka ya mwaka 2016, nyumbani kwa baba yake Wundanyi, watu wa ukoo wakiwa wamekaa sebuleni baada ya chakula. Walioirudia baadaye wameirudia kama alivyoisema, wakaongeza tu yaliyofuata.

Walikuwako wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na jambo lake alilojaliwa.

Wakesho alijaliwa mdomo. Tangu utotoni alitangaza kila alichokifanya. "Natia chumvi. Nafunika sufuria. Napunguza moto." Mama yake alikuwa akimwambia, "Wewe redio, hebu zima betri tule." Hakuzima. Hata alipokuwa kapteni wa ndege ndogo za abiria, hakugusa kitu kabla ya kukitaja.

Mshai, mdogo wake, naye pia rubani, alijaliwa sikio lisilosahau. Neno alilolisikia mara moja aliweza kulirudia miaka mingi baadaye, na akaonyesha hata mahali msemaji alipokohoa. Nyumbani watu walichunga ndimi zao mbele yake.

Nasieku hakuwa wa ukoo huo. Alitoka upande wa Kajiado, msichana mwembamba, mchache wa maneno, aliyejaliwa mikono isiyoshtuka. Kwao, ng'ombe akiwa mkorofi hata watu wazima wakimkimbia, aliitwa yeye akamkamue.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Siku moja ndege ya Wakesho ilianguka kwenye vilima, akafa yeye na wote aliowabeba. Ilikuwa ndege ya injini mbili. Injini moja ikifa, ndege huweza kurudi nyumbani kwa ile nyingine, mradi rubani aizime ile mbovu na kuiacha ile nzima. Tume ya uchunguzi ikaandika kwamba kapteni alizima injini nzima. Mstari mmoja tu, basi. Mzee Mwadime aliusoma mstari huo, akaikunja karatasi, akasema mbele ya ukoo wote, "Katika nyumba hii mtoto asipewe jina hilo. Liacheni lipumzike." Kwao jina la marehemu huitwa tena katika watoto. Wakesho hakuitwa. Wajukuu walizaliwa, wakapewa majina ya mashangazi waliokufa kitandani, na jina lake likazungukwa kama shimo lililo njiani.

Lakini kabla ya hapo tume ilikuwa imemwita Mshai aitambue sauti kwenye kinasa sauti cha ndege. Alivaa vipokea sauti masikioni, akasikiliza mara moja.

Alimsikia dada yake akitaja kila kitu, kama jikoni. Kisha king'ora. Kisha kimya. Kilikuwa kimya kifupi, lakini Mshai alijua uzito wake: mara moja tu katika maisha yake, Wakesho alikuwa amefanya jambo kabla ya kulisema. Halafu sauti ikarudi, bila kilio.

"Ngoja. Nimezima ya kulia. Ya kulia ilikuwa nzima. Mguu wangu wa kushoto ndio uliolala, na mimi sikuuuliza mguu. Mkono umetangulia mdomo. Najaribu kuiwasha. Haiwaki. Nageuza kukwepa mlima. Anayesikiliza, asikie: mkono umetangulia mdomo."

Aliendelea kutaja hivyo mpaka mwisho.

Sauti ile ilifungiwa kabatini kwa tume. Nje ya kabati ilibaki katika sikio moja tu. Mshai hakurusha ndege tena. Akaajiriwa na kampuni moja ya kufundisha marubani, Nairobi, awe mwalimu wa simuleta. Simuleta ni chumba kilichosimama juu ya miguu ya chuma; ndani kuna viti viwili vya marubani na vyombo vyote vya ndege, na nyuma yao kiti cha mwalimu. Kinatikisika, kinainama, mawingu yanapita mbele ya vioo, lakini hakiondoki sakafuni. Mwalimu hubonyeza kitufe, na injini hufa.

Mshai aliunda zoezi moja ambalo kila mwanafunzi wake lazima alipite. Uwanja ulikuwa ule ule, vilima vile vile, injini ya kushoto ikifa mahali pale pale. Hakumwambia mtu ni safari ya nani. Mwanafunzi akishazima injini nzima, chumba chote kilinyamaza, na Mshai alikiacha kimya hicho kikae. Wanafunzi waligeuka wakamwona amefumba macho, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza mtu anayenong'ona.

Nje walinong'onezana. "Simuleta ile ina mtu wa nne."

"Wewe nawe! Mtu wa nne anakaa wapi, mapajani kwa mwalimu?"

"Cheka tu. Zamu yako ni kesho."

Nasieku alipoingia, mikono yake ilikuwa tulivu sana, na kwa utulivu huo huo akazima injini nzima. Kimya kikaja. Baada ya kitambo Mshai akafumbua macho.

"Mmekufa," akasema. "Nendeni mkanywe chai, halafu turudie."

Nasieku hakwenda kunywa chai. Alibaki kitini. "Mwalimu, mikono yangu haikuharakisha."

"Haikuharakisha, ila ilitangulia. Injini ikifa, ndege inavutwa upande wake, na wewe unakanyaga pedali ya upande wa pili kuishika. Mguu uliolala ndio unaokuonyesha injini iliyolala. Uulize mguu. Kisha sema. Kisha mwenzako aitike. Hapo ndipo mkono uende."

"Na huyu aliyekufa hapa alisema?"

Mshai akamgeukia. "Nani kakwambia kuna aliyekufa hapa?"

"Hakuna, mwalimu. Lakini vilima hivi havikuwekwa na mtu anayecheza."

Mshai akageukia vitufe vyake. Akabonyeza, ndege ikawa hewani tena, injini ya kushoto ikafa, na Nasieku akasema kwanza.

Mwaka uliofuata Nasieku alikuwa rubani msaidizi katika ndege ya injini mbili, kapteni wake akiitwa Shikuku, mtu mzoefu. Miongoni mwa abiria alikuwamo Dzame, mwanamke wa Kaloleni, mjamzito wa kujifungua karibuni. Ndege ikiwa bado inapanda, injini ya kushoto ikafa. King'ora kikalia. Mkono wa Kapteni Shikuku ukaenda moja kwa moja kwenye leva ya kuzima injini ya kulia.

Nasieku akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkubwa wake, bila kuuvuta, bila kutetemeka, kama anavyowekewa ng'ombe mkono ubavuni.

"Kapteni, sema kwanza."

"Nini wewe? Toa mkono!"

"Sema kwanza, Kapteni. Mguu gani umelala?"

Shikuku akafungua mdomo. "Wa ku..." Akaitazama miguu yake. "Wa kushoto."

"Wa kushoto," akaitika Nasieku.

Wakazima ya kushoto, wakarudi, wakatua. Shikuku alishuka akakaa kwenye nyasi akiutazama mkono wake wa kulia.

Dzame alijifungua salama, mtoto wa kike. Akakataa kumpa jina. Mama mkwe akaja juu, "Mtoto gani huyu wa kuitwa 'wewe'?" Dzame akasema mtoto ataitwa jina la aliyemrudisha chini, hata kama ni jina lisilojulikana Kaloleni. Akauliza, akatajiwa Nasieku, akamtafuta. Nasieku akasema, "Mimi nilikuwa mikono tu. Muulize mwalimu wangu." Ndipo Dzame, mtoto mgongoni, akafika kwenye kampuni ile, akaketi mbele ya Mshai.

Na Mshai, ambaye hakuwahi kumwambia mtu, akasema yote. Akayarudia maneno ya kinasa sauti mpaka mwisho, pamoja na kile kimya.

Dzame alilia. Kisha akapangusa uso. "Dada, mwanangu ni mmoja. Siwezi kumwita majina matatu kama mtu anayeita kuku. Nikimwita Nasieku, ni haki: bila mkono ule, mimi na yeye tusingekuwa hapa. Nikimwita Mshai, ni haki: bila sikio lako, mkono ule ungejua nini? Lakini huyu Wakesho... aliondoka na watu. Wana mama zao. Siku moja mama mmoja akinisikia namwita mwanangu, nitamwambia nini?"

"Mwambie kwamba alipojua anakufa, aliendelea kusema ili wako asife."

"Unataka nimpe hilo?"

Mshai alitaka. Tangu mazishi hakuwa amelisikia jina hilo likiitwa kwa furaha, mtu akiitwa aje kula. Lakini aliogopa kwamba anamwombea dada yake kile alichonyimwa nyumbani, kupitia mtoto wa watu.

"Nipe mpaka baada ya Pasaka," akasema.

Basi akaja Wundanyi, akaisimulia sebuleni, mbele ya baba yake. Alipomaliza, hakuna aliyegusa kikombe. Mzee Mwadime alitoka, akasimama barazani, manyunyu yakimpiga. Aliporudi alisema, "Wewe hukuleta hadithi. Umeleta kesi." Kisha akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu asome ule mstari, akauliza, "Hebu rudia. Alisema nini kuhusu mguu?"

Asiyenyamaza alipokosea, asiyesahau alichosikia, na asiyeshtuka mkono: mmoja asingekuwapo, mtoto asingekuwapo. Jina ni moja. Je, wewe ungempa la nani?

Mzee Mwadime amefariki. Mkewe yu hai, na siku hizi redio haizimwi nyumbani. Mshai yu hai, bado anafundisha. Nasieku yu hai, sasa ni kapteni. Shikuku yu hai, amestaafu. Dzame yu hai. Mtoto yu hai, anasoma shule, na anaitika akiitwa. Jina lake linajulikana, lakini halitajwi mpaka msikilizaji awe amesema angempa la nani. Wakesho hayupo.