Toba ya Mama Namsifu

Palikuwa na askofu, jamani, mrefu wa cheo, mfupi wa masikio. Jina lake Elirehema. Habari njema ilimfikia ikiwa bado jikoni. Habari mbaya ilimpita hata ukiipigia kengele. Siku moja askofu huyu akatoa amri ambayo watu wa milimani kule wakiikumbuka hadi leo wanatikisa kichwa: Mama Namsifu, mjane muuza ndizi za kuchoma, atubu mbele ya kanisa zima.

Atubu nini? Kwamba alisema.

Alisema kuwa Mwinjilisti Zefania, mwalimu wa kipaimara, alimbakiza binti yake Namsifu baada ya darasa, akafunga mlango, akamshikashika mwilini. Mtoto alifika nyumbani analia, kiatu kimoja hana. Mama akaenda kwa askofu. Askofu akamwita Zefania ofisini, wakaomba, wakalia kidogo, wakanywa chai. Zefania akapelekwa usharika wa mbali apumzike. Akapumzika kwelikweli! Alirudi amenenepa, akakabidhiwa darasa lile lile. Ndipo mama akasimama gulioni akayasema yote, na sauti yake, Mungu aliyempa hakuipima.

"Umelichafua kanisa," askofu akamwambia. "Jumapili utatubu. Usipotubu unatengwa, na Namsifu hapati kipaimara. Ukitubu, anarudi darasani kwa mwalimu wake."

Mnauona mtego huo? Mama Namsifu alikwenda nyumbani akamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Aliogopa, nisiwadanganye. Hakumwogopa askofu hata chembe. Aliogopa ule mlango.

Jumapili ikafika. Kanisa lilifurika, hata waliolikanyaga mara ya mwisho Pasaka walikumbuka njia. Huko, mtu anayerudi kundini husimama mbele ya madhabahu, huulizwa kwa kipaza sauti na hujibu kwa kipaza sauti, na spika za nje huwapelekea maneno hata wasiosali. Kiti cha mbele alikaa mke wa askofu pamoja na mjukuu wao Aikande, aliyekuja likizo.

"Mama Namsifu, unakiri kwamba ulimsingizia mtumishi wa Mungu?"

"Nielekeze kwanza, Baba Askofu. Nilimsingiziaje?"

"Ulimshtaki bila ushahidi. Maandiko yanataka mashahidi wawili. Wewe unaye mmoja, tena mtoto."

"Mlango ulifungwa, Baba. Huyo wa pili angepita wapi?"

Watu wakacheka, kisha wakajifanya wanakohoa.

"Usibishane na kanisa!"

"Sibishani, naomba kueleweshwa. Kwa hiyo Mwinjilisti ni mtu salama?"

"Salama kabisa. Namjua kama mwanangu wa kumzaa."

"Mtoto anaweza kuachwa naye?"

"Mtoto yeyote!"

"Basi nimekosa." Akapiga magoti. "Nisameheni, wapendwa."

Askofu akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Akamwekea mkono kichwani, akafungua kinywa amtangazie msamaha.

"Ila, Baba," mama akasema palepale chini ya mkono, "wapo watakaosema nimetubu kwa mdomo tu. Nikaona nitengeneze nilipoharibu. Mjukuu wako Aikande ni rika moja na Namsifu. Nimemwomba Mwinjilisti amfundishe katekisimu, naye kakubali. Leo hii, ibada ikiisha. Wao wawili tu, chumba kile kile. Zamu ya kufagia wiki hii ni yangu, ufunguo huu hapa."

Akauinua juu, kila mtu auone. Mke wa askofu alikwisha kumvuta mtoto mapajani, akamkumbatia kwa mikono miwili. Zefania, kwenye benchi la wainjilisti, akainama ghafla kutafuta kitu chini ya kiti.

"Haendi!" askofu akafoka.

"Kwa nini tena, Baba? Si mtu salama?"

"Nimesema haendi!"

"Si ulisema mtoto yeyote?"

"Mjukuu wangu afungiwe chumbani na yule? Unadhani sijui alichomfanyia bin..."

Akanyamaza, lakini spika za nje hazikunyamaza. Zilikuwa zimekwisha kulifikisha neno gulioni. Kanisani hakuna aliyekohoa.

Mama Namsifu akainuka, akakung'uta vumbi magotini.

"Namsifu alikuwa shahidi wa kwanza, Baba Askofu. Karibu, wa pili."