Jina Moja Kwenye Saruji Mbichi

Mara ya mwisho ulipokosea kazini, ulimwambia nani?

Usinijibu. Nakujua, na mimi najijua. Kaa tu unisikilize, maana nikimaliza nitakudai jawabu, na saruji haitakungoja.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni dada Eliwaza, na kipaji chake kilikuwa kuwafungua watu midomo. Ungemketisha na mwanamume aliyenuniwa na mkewe wiki nzima, kikombe cha chai kisingeisha kabla mwanamume huyo hajasimulia kisa chote, pamoja na ile sehemu inayomhukumu mwenyewe.

Wa pili ni Fundi Ng'wandu, mchimba visima wa miaka thelathini. Akigonga ukuta wa kisima kwa kifundo cha kidole, alijua kama udongo ulio nyuma yake umeshiba maji au una njaa. Kuandika hakupenda, na watu wa kuandika hakuwapenda vilevile.

Wa tatu ni Sikudhani, katibu wa kamati ya maji ya kijiji cha Mkongoroni. Kipaji chake kilikuwa kutosogea. Mumewe alikiita ukaidi, lakini mumewe alikuwa na sababu zake.

Watatu hawa hawakuwa wamewahi kuonana. Walikutana katika kundi la wasapu lililoitwa Tunainuka, la watu ambao kazi yao huanza maji ya mafuriko yakishapungua: mafundi, wahandisi, wauguzi, makatibu wa kamati za vijiji. Tulikuwa mia nne na kumi na wawili. Eliwaza ndiye aliyekuwa mlezi wa kundi, ameajiriwa na shirika moja kutufanya tupeane ujuzi, ili kijiji cha leo kisirudie kosa la kijiji cha jana.

Shida ilikuwa moja. Katika watu mia nne na kumi na wawili, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukosea.

Tulitumiana picha tumevaa reflekta, tunakabidhi ndoo. Tulitumiana "mafunzo tuliyojifunza" bila kusema tulijifunzaje. Ukisoma kundi lile ungedhani mafuriko yote ya nchi hii yaliondoka yakiwa yameridhika na huduma.

Eliwaza akaanzisha jambo aliloliita Jumatatu ya Kukosea. Kila Jumatatu asubuhi, mtu mmoja aeleze kosa lake moja. Jumatatu ya kwanza tulimwekea vidole gumba thelathini na saba kwa wazo zuri, kisha tukanyamaza. Jumatatu ya pili mhandisi mmoja alikiri kwamba kosa lake ni kujituma kupita kiasi. Alipongezwa.

Jumatatu ya tatu ukaingia ujumbe kutoka namba mpya isiyo na picha. Mwenye namba alijitambulisha kuwa ni "afisa mmoja, jina nisamehewe". Alieleza kwamba miaka minne nyuma alisimamia kisima kilichoingiliwa na mafuriko. Wageni walikuwa wanakuja, naye alitaka wayakute maji meupe. Akaamuru pampu iwashwe na kisima kikaushwe siku hiyohiyo. Adhuhuri ukuta ukaporomoka. Fundi bomba aliyekuwa ndani alitolewa hai, ila mguu mmoja ulikatwa. "Kwenye ripoti," afisa aliandika, "niliandika kwamba kisima kiliharibiwa na mafuriko."

Baadaye watu wawili watatu wakampa afisa pole. Mhandisi yule wa kujituma akaandika kwamba upande wao jambo kama hilo lisingetokea. Mimi niliusoma ujumbe ule mara mbili, nikaweka kidole gumba, nikaendelea na kazi zangu. Siringi kulisema hilo.

Kisha Fundi Ng'wandu, ambaye tangu aingie kundini hakuwahi kutuma hata nukta, akatuma sauti. Ilikuwa ya dakika saba, na ilianza kwa maneno mawili: "Na mimi."

Alisema na yeye alibomoa kisima hivyohivyo, akiwa bado fundi kijana mwenye haraka. Hakuumia mtu, lakini kijiji kilikunywa maji ya mto miaka miwili kwa sababu yake. Mkewe hakuwa akijua. Akajitaja jina, akataja na kijiji. Kisha akaeleza sababu, kwa namna ambayo hata mimi wa ofisini nilielewa. Baada ya mafuriko udongo wote unaozunguka kisima umelewa maji na unasukuma kuta kuelekea ndani. Kinachozishika kuta zisianguke ni maji yaliyomo kisimani, hayohayo machafu unayoyachukia. Ukiyatoa yote kwa mkupuo, umeondoa nguzo. Subiri ardhi ilevuke. Toa kwa ndoo, kidogo leo, kidogo kesho. Gonga ukuta, sikiliza. Dawa ya maji uitie mwishoni. Muda wote huo watu wanywe maji ya kuchemsha, na anayelalamika alalamike.

Eliwaza akakaa na dakika saba zile, akazifanya maandishi ya mistari kumi, akazibandika juu kabisa ya kundi, mahali ambapo kila anayeingia anazikuta.

Siku tisa baadaye maji ya mto yaliondoka Mkongoroni, na nyuma yake ikaja pampu.

Kisima cha kijiji kilikuwa kimejaa tope hadi mdomoni. Wageni walitarajiwa Alhamisi. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitaka kisima kiwe kimekauka na kusafishwa Jumatano. Sikudhani aliisoma ile mistari kumi, akaisikiliza tena sauti ya Fundi yote, akaenda kisimani, akatandika khanga juu ya mbao zilizofunika mdomo wa kisima, akaketi. Mpira wa pampu haukuwa na pa kupita.

Mwenyekiti alimbembeleza, akamtisha, kisha akamcheka mbele ya watu. "Mama Zena, huu uhandisi umeusomea wapi? Wasapu?"

"Ndiyo, Mwenyekiti," alisema Sikudhani. "Na mwalimu wangu amebomoa kimoja. Wewe wako amebomoa vingapi?"

Alikaa pale siku mbili, akipokezana na dada yake kwa muda wa kwenda kula tu. Alhamisi wageni walikuta mwanamke ameketi juu ya kisima kichafu, wakapiga picha wakiwa wamesimama kwa mbali. Mwenyekiti alitamani ardhi ipasuke immeze. Pampu ikapelekwa kijiji cha ng'ambo ya mto, ikawashwa asubuhi, na alasiri kisima cha ng'ambo kikaporomoka. Kwa bahati hakikuwa na mtu ndani. Mkongoroni walitoa tope kwa ndoo siku kumi na moja, na siku ya kumi na mbili wakateka maji.

Sasa sikiliza desturi ya Mkongoroni, maana hapa ndipo penye mtanziko.

Kule kisima hakiitwi namba tatu wala namba nne. Huitwa jina la mtu ambaye bila yeye kisingekuwapo. Mama akichukua ndoo asubuhi hasemi anakwenda kuteka maji, husema, "Nakwenda kwa Binti Saluwa," na Binti Saluwa alishakufa zamani za bibi yake. Jina huandikwa kwa msumari kwenye saruji mbichi ya mdomo wa kisima. Huandikwa moja tu. Wanasema kisima chenye majina mawili kila mtu hudhani mwenzake atakifagia.

Jina la zamani lilikuwa limesombwa pamoja na saruji yake, na saruji mpya hupewa jina jipya. Siku ya kumwaga saruji mpya Fundi Ng'wandu alikuja kwa basi, Eliwaza akaja kwa gari la shirika, nasi wengine tulisikiliza kupitia simu ya Sikudhani iliyowekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Saruji ilimwagwa saa nne asubuhi. Ikifika adhuhuri haitaandikika.

Wako waliosema aandikwe Sikudhani. Ujuzi upo simuni kwa watu wote, wakasema, hata ng'ambo walikuwa nao, lakini ni yeye aliyeukalia kitako siku mbili huku anachekwa.

Wako waliosema aandikwe Ng'wandu. Kukaa juu ya kisima hata mbuzi hukaa, wakasema. Bila sauti ya Fundi, Sikudhani angekuwa wa kwanza kushika mpira wa pampu. Sikudhani mwenyewe alikuwa upande huu.

Fundi alikataa. Alikuwa na hasira kama kawaida yake, akaongea huku ametazama chini. Alisema kwamba neno lile amelibeba miaka ishirini na sita na angeingia nalo kaburini, kama si yule afisa kutangulia. "Mwandikeni afisa," akasema. "Mimi nilimfuata tu. Aliyetangulia kuvua nguo mbele za watu ndiye mwenye kisima."

Lakini afisa hakuwa na jina. Basi macho yote yakamgeukia Eliwaza, mlezi wa kundi, ambaye bila shaka alijua namba ile ni ya nani. Eliwaza akasema hawezi kumtaja. Watu wakamheshimu kwa hilo, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwenyekiti, aliyekuwa na hamu ya kumaliza, alisema kama afisa hatajwi, basi aandikwe aliyewakusanya wote. Nani alianzisha Jumatatu? Nani aligeuza sauti ya dakika saba kuwa mistari kumi ambayo hata yeye, Mwenyekiti, angeisoma kama angekuwa na adabu? Watu wakacheka, wakaitikia. Fundi naye akaridhia. Sikudhani akachukua msumari, akaufuta kwa pindo la khanga, akamkabidhi Eliwaza kwa mikono miwili.

Eliwaza aliupokea. Akainama juu ya saruji. Kupitia simu tulisikia kimya, tukadhani anaandika.

"Hakuna afisa," akasema. "Ile laini ni yangu."

Ilichukua muda kueleweka. Aliyeelewa kwanza ni Fundi Ng'wandu. "Kwa hiyo ulikitunga," akasema polepole. "Kile kisa, ule mguu. Ulitutegea chambo ili tuseme."

"Ningetamani iwe hivyo, baba."

"Mimi nilitoa sauti yangu," Fundi akasema. "Jina langu. Mke wangu amesikia. Wewe ukatoa laini."

Eliwaza hakujitetea. Sikudhani ndiye aliyeuliza, bila ukali, kama anayeulizia njia, iwapo yule aliyekatwa mguu bado yu hai.

"Yu hai. Anaitwa Yasini Mtulya."

"Anajua ni wewe?"

"Anajua ni mafuriko. Ndivyo nilivyoandika." Msumari ulikuwa bado mkononi mwake. Wenye macho pale wanasema aliushika kama kitu cha wizi. "Aliniita kutoka ndani. Aliniambia, 'Dada, ukuta unalia, zima pampu.' Nilimsikia vizuri. Nikamwambia avumilie dakika kumi, gari la wageni limeshaonekana. Ni mimi niliyemwacha ndani."

Saruji ilikuwa imebakiza kama nusu saa. Sikudhani alikalia kisima. Ng'wandu alikipa sababu ya kukaliwa. Eliwaza alimfungua mdomo Ng'wandu, kwa kosa la kweli alilolivika namba ya uongo, na sasa amelivua. Mkongoroni wamenyamaza wanausubiri msumari, na watu mia nne na tisa tumenyamaza simuni, kama tulivyozoea.

Je, wewe uliyekaa hapo ungeandika jina la nani?