Kindi na Somo Watatu wa Ghalani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakilima na kuvuna, na sisi watu hatujui hata jembe linashikwaje, Kifaru alikuwa na ghala. Ghala lilisimama juu ya nguzo nne, kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Ndani mlikuwa na karanga, zimejaa hadi mlangoni.

Na huko juu, katikati ya nyasi za paa, alikaa Kindi na watoto wake watatu. Walikuwa na siku tano tu tangu wazaliwe: wekundu, hawana hata unywele, macho bado yamefumba.

Kindi alikuwa mwizi. Tusidanganyane. Alikula karanga za wenyewe asubuhi, mchana na jioni, na maganda akayaacha palepale kama mtu asiyefunzwa.

Siku hiyo asubuhi mke wa Kifaru, jina lake Nyamizi, alipanda ngazi akafungua mlango. Mguu wake ukakanyaga maganda. Kwacha, kwacha!

"Baba watoto! Njoo uone! Kuna mtu anakula karanga zetu!"

"Mtu gani?"

"Ningemjua ningekuita?"

Kifaru akaja, puu, puu, puu. Jina lake Gamaya. Macho yake, kama mnavyojua, hayaoni mbali kuliko pua yake. Kwa hiyo akanusa, kisha akatega sikio. Juu kwenye paa: kwaru, kwaru.

"Lo! Kinakwaruza. Ni kikubwa au kidogo?"

"Mwenzangu, nijuaje?"

"Kina mkia? Hebu nyamaza nikisikilize. Kinaongea? Mbona kama kinanyonyesha?"

"Wewe unataka kukijua," Nyamizi akasema, "mimi nataka kitoke. Naenda kumwita Fundi."

Kindi aliposikia neno Fundi, karanga ilimdondoka mdomoni.

Fundi huyo alikuwa Nyati wa ng'ambo ya mto. Kazi yake kufukuza wasumbufu kwenye maghala. Anaweka makaa kwenye kigae, anamwaga pilipili kichaa, anafunga mlango. Mwenye macho wazi hutimua mbio huku akilia. Ambaye macho hayajafumbuka hubaki humo humo. Na Kindi mdomo anao mmoja. Angebeba mtoto mmoja, na wawili wangekufa kwa moshi kabla hajarudi.

Kindi akakaa akawaza. Ndipo akakumbuka desturi ya nchi ile.

Sikilizeni vizuri desturi yenyewe. Nchi ile mama hakumpa mtoto jina. Alikaa ndani na mwanawe mchanga, akangoja. Jina la kwanza kutajwa mlangoni ndilo lililokuwa la mtoto, na mwenye jina akawa somo wake. Somo hakuweza kumfukuza somo wake. Alipaswa kumhifadhi yeye na mama yake pale walipo, mpaka mtoto afumbue macho na ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto asiyepata jina hakuwa na mtu.

Kwa sababu hiyo watu wa nchi ile walikuwa waoga wa kutaja majina. Ukiwauliza "Nani?" wanakujibu "Ni mimi," na hapo ukae ukisie mwenyewe.

Nyamizi akaenda zake mtoni. Kifaru akabaki mlangoni, sikio juu, udadisi unamla.

To! Karanga ikamwangukia utosini.

"Nani huko chini?" Kindi akauliza.

"Ni mimi."

"Mimi ndiyo nani? Sauti kama ya mbuzi mwenye mafua."

"Mbuzi? Mimi ndiye mwenye ghala!"

"Toka hapa! Mwenye ghala namjua kwa sifa. Habari zake zimefika hadi mlimani. Wewe ni mpita njia tu."

Kifaru akasogea. "Habari zipi?"

"Siwezi kumwambia kila mtu."

"Mimi si kila mtu! Wanasema nini? Niambie kidogo tu."

"Nitajuaje kama ndiye wewe?"

Kifaru akapepesa macho. Akakwaruza ardhi. Akajizuia, akajizuia, akashindwa. "Gamaya! Mimi ndiye Gamaya! Haya, wanasema nini?"

"Wanasema macho yako mabovu," Kindi akajibu. "Na leo wataongeza kwamba una somo. Gamaya mdogo huyu hapa, ananyonya. Hongera, baba!"

Nyamizi aliporudi na Fundi, alimkuta mumewe ameinamisha pembe.

"Umefanya nini?"

"Nimeuliza tu. Na jina likanitoka."

"Mungu wangu! Watoto wako wangapi huko?"

"Watatu," Kindi akajibu kutoka juu. Alikuwa na adabu siku hiyo.

Nyamizi akafikiri kidogo tu. Yule mama hakuwa mjinga. "Basi aliyefungwa na desturi ni wewe, si mimi. Huyo mmoja mwenye jina nitamshusha, alale kapuni jikoni kwangu, na mama yake akitaka amfuate. Hao wawili hatuwajui. Fundi, washa makaa. Na jina lako lifungie mdomoni!"

Nyati akacheka, hoo, hoo. "Mama, kazi hii nimeianza wewe hujaolewa. Nitategwa na kindi?"

Akapanda ngazi na kigae chake.

"Afadhali umekuja wewe," Kindi akasema. "Nilidhani wataleta fundi."

"Mimi ndiye fundi!"

"Fundi ni Nguruwe wa mlimani. Yule akiwasha, hata mjusi anahama. Moshi wako wewe ni wa kukaushia samaki."

"Nguruwe?" Nyati akatoa macho. "Nguruwe amejifunza kwangu! Alikuwa hajui hata kupuliza makaa!"

"Anasema alifundishwa na bingwa."

"Bingwa gani? Muulize alifundishwa na nani!"

"Na nani?"

"Na Mashala! Mimi, Mashala!"

Nyati akaziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Mashala mdogo anakusalimu," Kindi akasema.

Nyamizi hakupoteza pumzi kugomba. Alimvuta Nyati mkia, akampokonya kigae, akamwaga pilipili yote, akapanda mwenyewe. Midomo ameibana kama mfuko wa tumbaku.

"Karibu, mama," Kindi akasema. "Wewe ni nani?"

Akapanda ngazi ya kwanza.

"Nasikia uji wako una madonge."

Akapanda ngazi ya pili.

"Nasikia mumeo alitaka kumwoa dada yako."

Nyamizi akasimama. Akavuta pumzi. Akapanda ngazi ya tatu.

Kindi akaishiwa maneno. Moshi wa kwanza ulikuwa umemfikia, machozi yakamtoka. Wale wawili somo wao wangewatoa; akamtia mdomoni yule mtoto wa tatu, ambaye hakuwa na mtu, lakini hakuthubutu kutoka kwa sababu juu ya mti wa jirani mwewe alikuwa anasubiri.

Lakini pilipili haichagui. Ilimwingia Nyamizi puani naye. Kichwa kikarudi nyuma, mdomo ukafunguka. "Ha... haa..."

Kifaru, kwa macho yake yale, hakuona chafya inakuja; alisikia tu mdomo umefunguka. Akaruka. "Anasema! Anataka kusema! Nyamizi, nyamaza! Usitaje jina!"

"...chyaaa!" Nyamizi akapiga chafya. Kigae kikaanguka chini, pwaa, makaa yakazimika kwenye matope.

Kindi akamtua mtoto taratibu. "Asante, Baba Gamaya. Wa tatu ni Nyamizi, na ni wa kike. Imekaa vizuri."

Maneno aliyoambiwa Kifaru siku hiyo na mkewe si ya kuwasimulia watoto.

Basi wakakaa. Wenye ghala walimmenyea Kindi karanga, apate maziwa ya kuwanyonyesha somo wao, siku baada ya siku, mpaka macho yakafumbuka. Siku waliposhuka kwa miguu yao, Nyamizi alikuwa amesimama chini na ndoo ya udongo. Mkia wa mwisho ulipotoka tu, akaziba tundu, akatia na miiba. Kindi alitazama kazi ile, akaona imefanywa vizuri, wala hakununa.

Akahamia kwenye mti uleule wa jirani, maana mwewe alikuwa amechoka kusubiri. Na kila asubuhi sauti yake ilisikika mpaka shambani:

"Gamaya! We Gamaya, mwizi mkubwa, teremka uoge!"

Na Kifaru kule kwenye matuta alisimamisha jembe, akainua kichwa, akaitika, "Naam?"

Funzo ni hili, wajukuu: mwenye nguvu asiyeweza kuzuia ulimi hushindwa na yeyote anayejua kumuuliza swali. Mimi nimemaliza, anayetaka karanga akamenye zake.