Makucha ya Kiboko

Haya wanangu, anayenyonyesha anyonyeshe, anayesinzia asogee karibu nimwone. Leo sina mengi.

Nilipokuwa msichana, sista mmoja wa misheni alitubandikia ukutani picha ya zamani mno, iliyochorwa na Wazungu wa kale. Wawindaji wamemzunguka kiboko mtoni. Wanangu, kiboko ana makucha kama paka! Sisi tunaompigia madebe atoke kwenye mahindi tulicheka mpaka sista naye akacheka. Tangu hapo namtungia yule mchoraji kisa, ili naye apate wa kumrekebisha.

Basi alikuwepo fundi huko kwao, kazi yake kuchora uwindaji wa nchi za mbali. Hajafika hata moja. Anasikia tu, anachora. Na hachori kwa kalamu: anachonga mistari kwenye bamba la shaba, anapaka wino, anakandamiza karatasi juu yake, picha inatoka. Bamba moja linatoa picha za mji mzima. Kwa hiyo ukikosea kwenye shaba, umeudanganya mji mzima.

Tajiri mmoja akamwagiza, "Binti yangu anaolewa. Nataka picha za watu wakiwinda kiboko, nizitundike ukumbini. Usipoleta, kazi zangu zote nampa mwingine." Fundi akachonga kipindi chote cha baridi, macho yakimtoka machozi.

Amebakiza kuchapa tu, akapita mgeni, mtu wa huku kwetu aliyefika kule na meli. Akachungulia, akashika mbavu.

"Ndugu yangu, huyu ni nani?"

"Kiboko."

"Na makucha haya, anakwea miti?"

Mke wa fundi akadakia, "Baba watoto, chapa upeleke! Nani hapa mjini kamwona kiboko? Nani atajua?"

"Kiboko atajua," mgeni akasema, wakacheka wote watatu.

Lakini fundi hakulala vizuri. Sasa, shaba ikikosewa haifutwi kwa kitambaa. Unaukwangua mstari, unaligeuza bamba, unaligonga kwa nyuma mpaka pale palipobonyea painuke, ndipo uchonge upya. Na kila ukigonga, bamba linazidi kuwa jembamba. Akagonga hivyo hivyo. Mgeni akawa anashinda pale, wanakula mkate pamoja, fundi anauliza: sikio lake likoje? Vidole anavyo? Na mkia?

Kiboko akatoka kiboko hasa.

"Sasa je?" fundi akauliza, amefurahi.

"Huyu ndiye. Kidogo nimsikie anapumua. Lakini hawa wenye mikuki ni akina nani?" Maana wale wawindaji macho yamewatoka, meno nje kama mbwa.

"Si watu wa kwenu hao?"

Safari hii mgeni hakucheka. "Mtu wa kwetu ni mimi. Nimekaa mbele yako, nimekula mkate wako. Umeniuliza mpaka mkia wa kiboko. Mimi hujanitazama."

Wanangu, mngefanyaje? Harusi imefika. Shaba imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu, nyundo ikiteleza kidogo inatoboka, na tajiri ndiyo basi tena. Mngechapa, eti?

Fundi akaligeuza bamba kifudifudi. "Sogea dirishani kwenye mwanga," akasema. "Na usinichekeshe, nakutazama."

Bamba likatoa picha chache, likapasuka. Lakini siku ya harusi, watu waliokuja kumshangaa mnyama walisimama mbele ya mwindaji. Bibi harusi akauliza, "Huyu anaitwa nani? Kama anataka kunisalimu." Na fundi akamjibu, maana alikuwa anajua.

Na sisi je? Yule mama aliyehamia karibu na kisima, mbuzi wake tunamjua: ana mabaka, pembe moja imevunjika, maziwa anatoa kuliko wetu wote. Na mwenye mbuzi? Tulishamchonga kitambo. Eti anaringa, eti hataki watu. Tukachapa, tukagawana pale pale kisimani. Nani kati yetu alimtazama?

Mungu hatufuti kwa kitambaa. Anatugeuza, anagonga kwa nyuma, pale tusipopaona wenyewe. Inauma kidogo, lakini mimi nafurahi, maana anayegongwa bado hajatupwa.

Mama huyo amekaa pale nyuma, benchi la mlangoni. Haya, geukeni. Mama, njoo hapa mbele kwenye mwanga, utuambie unaitwa nani.