Vigoda Kumi vya Baraza la Kisima

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ambazo hata kobe alikuwa bado kijana, palikuwa na nyumba mia moja za wanyama kando ya kisima kimoja. Mitaa ilikuwa kumi, kila mtaa nyumba kumi, kila nyumba kura moja. Sogeeni karibu. Hapa pana hesabu kidogo, na asiyeishika ataonewa na fisi.

Kila mtaa ulichagua mjumbe mmoja wa kukalia kigoda katika baraza la kisima. Fisi alipiga kura kwa kifupa, digidigi kwa jani, nguchiro kwa ganda la yai, kanga kwa unyoya. Kila mtaa ulitoa vifupa vinne, majani mawili, maganda mawili na manyoya mawili. Nani alishinda? Fisi. Na mtaa wa pili? Fisi tena. Mpaka vigoda vyote kumi vikakaliwa na makalio ya fisi.

Na wakishakaa waliamua nini? Fisi wanywe kwanza, na fisi waoge kwanza, chubwi, chubwi. Wengine walipata tope lililobaki.

Mtaa wa tatu aliishi Bi Mwatime, digidigi mwembamba wa miguu na mwepesi wa akili. Mwanawe alikuwa anaharisha siku ya nne sasa kwa kunywa tope lile, na macho yalikuwa yamemwingia ndani. Bi Mwatime alimtazama, moyo ukamuuma. Akamwendea jirani yake, Bwana Nguchiro.

"Jirani, uchaguzi ni keshokutwa. Mara hii fisi hawavichukui vigoda vyote."

"Utawafanya nini? Fisi ni wengi."

"Nani kakwambia? Umewahi kuwahesabu?"

Nguchiro akajikuna shingo. Kweli, hakuwahi.

"Katika kila nyumba kumi, nne tu ni zao," akasema Bi Mwatime. "Sita ni zetu. Lakini tumegawanyika mafungu matatu, na kila mtaa kura zetu zinatupwa kama makapi. Niachie mimi."

Asubuhi akamfuata Jumbe Mafupa, mkuu wa fisi, akamkuta anagawa mzoga wa nyati mbele ya koo zake. Maana fisi, pamoja na ulafi wao wote, wana mila moja wasiyoivunja. Mzoga hukatwa vipande kumi, na kila ukoo hupata vipande kwa kadiri ya midomo yake. Ukoo mkubwa hauli peke yake. Mila hiyo ikivunjwa, watatafunana wenyewe kwa wenyewe.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, kajukuu. Umekuja kuliwa?"

"Nimekuja kujifunza. Ukoo wenye midomo mingi kuliko wengine ukitaka mzoga mzima, mnaufanya nini?"

"Tunaung'ata masikio," akasema Jumbe, na koo ndogo zikaitikia, "Hasa."

"Mila nzuri mno. Mbona basi vigoda vya baraza tunavigawa ovyo ovyo? Tuvigawe kwa mila yenu. Kura zote chungu kimoja, na kila kura kumi zipate kigoda kimoja."

Jumbe akafikiri. Tangu azaliwe, fisi walishinda vigoda kumi kwa kumi. Kichwani mwake, basi, nchi nzima ilikuwa fisi, na hao wengine ni vumbi tu. Vigoda alivihesabu kila uchaguzi, lakini nyumba za watu hakuzihesabu hata siku moja.

"Tutavipata vyote kama kawaida," akacheka, kwa-kwa-kwa. "Safari hii msiseme tumewaonea." Akaapa kwa mzoga, koo zake zote zikisikia.

Siku ikafika. Kura zikamwagwa mkekani, pwaa! Kanga mzee akapanga mafungu.

"Vifupa arobaini. Vigoda vinne."

"Endelea," akasema Jumbe.

"Vifupa vimekwisha."

"Havijaisha. Tazama chunguni."

Kanga akakipindua chungu, akakigonga kitako, ko, ko. Hakikutoka kitu.

"Majani ishirini, vigoda viwili. Maganda ishirini, viwili. Manyoya ishirini, viwili."

Jumbe akaruka. "Fungu letu ndilo kubwa kuliko yote! Vigoda vyote ni vyetu."

Bi Mwatime akawageukia fisi wa koo ndogo, akawatazama mmoja mmoja. Fisi jike mwenye sikio lililochanika akasimama.

"Jumbe, leo ukimeza vigoda vyote kwa ukubwa wa fungu, kesho utameza mzoga wote kwa ukubwa wa ukoo. Mgao ni mgao."

Wenzake wakanguruma, meno nje. Jumbe akayahesabu meno yale, na hesabu hiyo hakuikosea. Akashuka kigodani pamoja na fisi wengine watano, wakawapisha wajumbe sita wapya, Bi Mwatime akiwemo.

Baraza likaanza kazi siku hiyo hiyo. Bi Mwatime akatoa hoja: watoto wote wanywe kwanza, wakiwemo wa fisi, na anayetaka kuoga aoge mwisho. Wanne wakakataa, sita wakakubali. Basi Bi Mwatime akambeba mwanawe mpaka ukingoni, akamshika kichwa, na mtoto akanywa maji safi mpaka tumbo likajaa ndi. Mama akalia kwa furaha, mbele za watu, wala hakuona haya.

Hadithi naitua hapa, na funzo lake ni hili: mwenye viti vyote si lazima awe na watu wote, kwa hiyo hesabuni watu.