Kivuli cha Paskalina

Kivuli kikinyooshwa hukosa mwenyewe. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo mpiga picha aliyetaka kufuta kovu la babu yenu pichani, na sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa mjini.

Mji wetu ulipopata mashindano makubwa ya mataifa, Elieshi, binti aliyesomea uchoraji, alipewa kazi ya kubuni alama za michezo: vile vijipicha vya watu wasio na uso, vinavyomwonyesha mgeni asiyejua lugha yetu pa kuogelea na pa kukimbia. Hakuchora kwa kukisia. Jua la jioni lilipopiga ukuta wa uwanja, aliwaomba wanamichezo wasimame mbele ya ukuta huo, akafuatisha kivuli cha kila mmoja kwa mkaa.

Alama ya mbio ilikuwa kivuli cha rafiki yake, Paskalina Tluway. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka tangu alipolivunja utotoni, na mama yake alimtambua kwa bega hilo angali mbali, akiteremka mlima. Siku ya kuchorwa alisimama kwa mguu mmoja kama anayekimbia, akicheka hadi akaanguka.

Haukupita muda, lori likamgonga Paskalina akiwa mazoezini, akafa. Mama yake hakuwa na picha hata moja ya mwanawe akikimbia. Msibani Elieshi alimshika mikono, akamsimulia habari za kile kivuli ukutani, akamwahidi kwamba atamwona mwanawe kwenye alama ya mbio.

Kamati ilizisifu alama zote isipokuwa hiyo. Walisema imepinda, haifanani na nyingine, wageni wangedhani mchoraji amekosea. Elieshi alijaribu kueleza, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na kiwanda cha uchapaji kilikuwa kikisubiri. Akachukua rula, akalinyanyua bega. Ukuta nao ukapakwa chokaa kwa ajili ya wageni.

Siku ya ufunguzi Mama Paskalina alishuka kutoka kijijini na kanga mpya. Elieshi akampeleka langoni, penye alama kubwa ya mbio. Mama akaitazama, kisha akatazama mbao za pembeni, moja baada ya nyingine.

"Yuko wapi?"

"Ndiye huyu, Mama."

"Huyu mabega yake mazima." Akaupapasa ubao kwa kiganja. "Wangu simwoni, mwanangu."

"Walitaka zote zifanane. Nilimnyoosha kidogo tu."

"Basi nipeleke kwenye ule ukuta."

Elieshi akamwonyesha ukuta wa uwanja, mweupe pe kwa chokaa. Mama akaelewa.

"Kivuli kikinyooshwa hukosa mwenyewe," alisema taratibu, bila hasira. Akajifunga kanga yake vizuri, akarudi kituoni kabla mbio hazijaanza. Wageni waliendelea kupita langoni, wakiisoma ile alama bila shida, wala hakuna aliyepotea njia.

Elieshi hakuchora mtu tena. Na babu yenu, kovu lake ndilo hilo, liko pichani ukutani pamoja naye. Kivuli kikinyooshwa hukosa mwenyewe.