Nardo Quaglia na Wabebaji wa Mtakatifu Donato

Waliosema kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe hawakuwa na ugomvi na chakula. Walijua tu kwamba meza hudanganya. Mtu akimegeana mkate na wenzake miaka nenda miaka rudi, huanza kuwaita ndugu, nao humwita ndugu, na hakuna anayejiuliza ni nani atakayesimama naye nje siku mvua ya mawe itakapoanguka. Aniello Iovine aliiamini meza. Na meza yenyewe ilikuwa ndefu, bwana, imetanda kutoka mlangoni mpaka jikoni, katika ukumbi wa Chama cha Mtakatifu Donato, ng'ambo ya mto kutoka New York, upande wa New Jersey.

Chama hicho kilikuwa cha wabebaji. Kila Agosti sanamu ya Mtakatifu Donato hutolewa kanisani na kusimamishwa juu ya jukwaa zito la mbao, na wanaume hulibeba mabegani kwa mipiko minene kama mihimili ya nyumba, mtaa kwa mtaa, bendi ikipiga na wanawake wakifuata nyuma. Nafasi chini ya mpiko hainunuliwi wala haiombwi. Baba humwachia mwana. Mtoto wa kiume akizaliwa mtaani pale, watu humtazama mabega kabla ya kumtazama uso. Mzee Iovine alipokufa aliacha wana wawili. Gaspare, mkubwa, alikuwa kiongozi wa wabebaji, yule anayetembea mbele na fimbo na kuamuru jukwaa liinuliwe au lishushwe. Aniello, mdogo, alirithi bega la baba: mpiko wa mbele, upande wa kushoto. Angeweza kupoteza nyumba yake akacheka. Bega lile asingeweza kulipoteza akabaki mzima, kwa kuwa hapo ndipo alipozungumza na baba yake mara moja kwa mwaka, shingo imeinama na jasho linamtoka.

Riziki yake Aniello aliipata kwa kuigiza. Kwa muda mrefu alikuwa mtumishi wa hotelini asiye na neno, dereva wa teksi, maiti. Ndipo bahati ikamdondokea kama embe bivu: akapewa kuwa Nardo Quaglia, jambazi wa genge, katika tamthilia ya televisheni iliyotazamwa nchi nzima. Kila Jumapili jioni wabebaji walikusanyika ukumbini kumtazama mwenzao. Nardo alipomnyonga mwoka mikate kwa kamba ya aproni yake mwenyewe, ukumbi ulipiga makofi. Nardo alipochoma duka na mwenye duka yumo ndani, Totò Scognamiglio alipanda juu ya kiti na kusema, "Huyo ni kumpare wangu, jamani. Mnamwona?" Totò ndiye aliyemshika binti wa Aniello siku ya ubatizo, na mtaani pale kumpare ni zaidi ya rafiki. Wakaacha hata kumwita Aniello. "Nardo, njoo unywe kahawa." "Nardo, usinitazame hivyo, nitalipa kesho." Naye alifurahi, maana nani hafurahii kupendwa?

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa sita. Siku hiyo tamthilia ilimwonyesha Nardo akiendesha gari peke yake mpaka mji asikojulikana. Akapanda ngazi, akaingia katika chumba cha fundi wa kodiani aliyelala hoi kwa homa ya mapafu. Nardo akavua kofia, akaweka bastola juu ya kabati kama mtu anayeweka funguo, akaketi kitandani. Akaishika miguu ya yule fundi kwa viganja vyake viwili, akaipulizia pumzi, akaisugua polepole mpaka ikapata joto. Halafu akambusu mdomoni, kama mume anavyombusu mkewe. Baadaye akarudi kwake, akamdanganya mkewe kwamba alikuwa akicheza karata.

Mtu mmoja akazima televisheni. Aniello, aliyekuwa ameketi katikati yao na glasi mkononi, alisikia Totò akisema nyuma yake, "Angalau ungetuonya. Mimi nimemleta mke wangu."

Hebu hili lisemwe bila kupakwa mafuta. Watu wale walimshangilia muuaji. Walimshangilia mchoma watu. Miongoni mwao walikuwamo waliofanya mambo hayo kweli, si kwenye televisheni, na mtaa mzima ulijua na ukawapa kiti. Mkono wa Nardo ulipokuwa ukikaba koo, ulikuwa mkono wa mwanamume. Ulipopasha miguu ya mgonjwa joto, ukawa najisi. Kama hilo ni jambo la haki, basi haki imekufa na mazishi tumeyakosa.

Asubuhi moja ya wiki ile Gaspare alikwenda nyumbani kwa mdogo wake. Gaspare aliendesha winchi bandarini, mtu wa maneno machache, hakuoa. Watu walisema hakupata mwanamke wa kumridhisha mama yake. Ghorofani kwake aliwahi kuishi mtu aliyeitwa Lorenzo, ambaye wote walimjua kama mpangaji, na ambaye alikufa kipupwe kimoja kwa ugonjwa wa damu.

"Ile miguu," Gaspare alisema kabla hata ya kukaa. "Uliitoa wapi?"

"Kaa kwanza, kaka. Kahawa iko jikoni."

"Nimekuuliza swali."

"Kwako," Aniello alisema. "Nilikuja hospitali siku ile Lorenzo anakata roho. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikaona, nikarudi chini nikakungoja."

Gaspare aliketi. "Kwa hiyo unajua siku zote hizi."

"Najua."

"Hukuniambia neno mimi, ukaenda kuwaambia wote wenye televisheni."

"Jina lako sikulitaja. Mwongozaji alitaka Nardo avue shati, watu wacheke. Nikamkatalia. Nikamwambia nipe nafasi nionyeshe mtu anayependa. Na mimi kupenda kwa namna ile nimekuona wewe tu, Gaspare. Ningemwiga nani mwingine?"

"Ungeniomba."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali," Gaspare alisema, akachukua kofia yake. "Ndiyo maana ungeniomba."

Akaondoka bila kugusa kahawa. Tangu siku hiyo ndugu wawili wakawa wanapeana salamu za barabarani, kama watu waliokutana safarini.

Desturi ya chama ni kwamba siku moja kabla ya kumbeba mtakatifu, wabebaji wote hula chakula cha mchana pamoja. Rais wa chama huita majina, na kila anayeitwa hunywa divai yake na kujibu, "Nipo." Asiyeitwa hana bega. Rais wakati huo alikuwa Pellegrino Ruocco, mwenye malori ya taka, ambaye aliwahi kufungwa kwa kumvunja mtu magoti kwa nondo, na alipotoka akapokewa kwa bendi. Aliita majina moja moja, na lilipofika la Aniello akafuta midomo.

"Mwanangu Aniello," alisema kwa upole wa kinyozi anayenoa wembe, "wazee tumekaa, tumezungumza. Wewe hatuna neno nawe. Wewe dume, una mke, una mtoto. Neno tunalo na yule Nardo."

"Nardo hayupo, mzee. Ni karatasi."

"Basi kazi itakuwa rahisi. Simama hapo chini ya picha ya baba yako, useme mtu wa namna ile ni uchafu, hafai kugusa mpiko wa mtakatifu. Ukishasema unakunywa, tunakula. Makaroni yanapoa."

Watu wakacheka. Totò akamgusa kiwiko. "Sema, kumpare. Wewe si unalipwa kusema ya uongo? Leo sema bure."

Wakacheka tena. Aniello alisimama. Alijua akisema, kesho bega la baba litakuwa lake, na maneno yenyewe yangechukua muda wa kumeza mate. Akamtazama kaka yake. Gaspare alikuwa anakata nyama vipande vidogo vidogo, kama anayemkatia mtoto, wala hakuinua macho. Hapo Aniello akaona kwamba uchafu anaotakiwa kuutaja umeketi mezani, una uso wa mama yake, na unamsikiliza.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini? Si umesema ni karatasi?"

"Ni karatasi. Nardo alipomnyonga mwoka mikate, hapa mlipiga makofi. Hakuna aliyenitaka nisimame nikane. Leo imekuwaje?"

Pellegrino hakukasirika. Alimjibu kama mwalimu. "Kuua ni kuua tu, mwanangu. Mwanamume anaweza kuua akabaki mwanamume."

Vichwa vikatikisika kumwunga mkono, meza yote. Kisha Pellegrino akaita jina lililofuata, na mwenye jina akanywa na kujibu, "Nipo." Totò akavuta kiti chake kidogo upande wa pili, na sahani yake akaivuta pia, kana kwamba Aniello ana upele. Aniello alisubiri. Alikuwa amewabebea majeneza ya wazazi wao watu wale. Mmoja alimpa damu yake hospitalini. Alisubiri sauti moja tu, hata ya kunong'ona, na haikuja, wala ya Gaspare haikuja. Akachukua koti lake akatoka, na mlango ulipofungwa akasikia vijiko vimeanza kazi.

Kesho yake jua lilikuwa kali na mtaa umejaa. Aniello alisimama kando ya duka la dawa na mkewe na binti yake, mahali ambapo husimama wageni. Mkewe alimwambia waende zao nyumbani. Akakataa. Alitaka kuona.

Kabla jukwaa halijainuliwa, kiongozi hupita akimgusa kila mbebaji wa mbele begani. Gaspare alipita na fimbo yake, akagusa huyu, akagusa huyu, mpaka akafika upande wa kushoto. Chini ya mpiko wa baba yake alikuwa amesimama Totò.

"Toka hapo," Gaspare alisema.

"Mzee Pellegrino ndiye kaniweka, Gaspare. Usinilaumu mimi."

"Hapo ni pa Iovine."

Pellegrino alikuja na riboni yake ya urais kifuani. "Ni pa Iovine msafi. Aseme tulichomwambia, arudi. Mbona jambo dogo? Amrisha watu wainue, padri anangoja."

Gaspare aliwageukia wabebaji. Bendi ilikuwa imeshaacha kupiga. Aliposema hakupaza sauti, lakini alikuwa mtu aliyezoea kusikika juu ya kelele za bandari.

"Mnataka msafi. Basi hata mimi sina nafasi. Yule mtu mnayemtukana kwenye televisheni ana mikono yangu. Mdogo wangu aliniona nikimpasha Lorenzo miguu siku anakufa. Mlikuja kwenye mazishi mkanipa pole ya mpangaji. Hakuwa mpangaji. Alikuwa mtu wangu, na nilikula meza moja nanyi siku zote hizo, na jana pia nilikula, mdogo wangu akifukuzwa kwa ajili yangu na mimi natafuna. Hiyo ndiyo aibu ninayoijua mimi. Nyingine sina."

Pellegrino alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini, karibu kwa huruma, "Jua limekupiga, Gaspare. Useme jua limekupiga. Tutasahau."

Gaspare akamwekea fimbo mikononi. "Wewe ndiye msafi. Amrisha wewe."

Akavuka barabara mbele ya watu wote, akasimama karibu na Aniello. Mdogo mtu alikuwa analia waziwazi.

"Kaka, umejimaliza," alisema.

"Nyamaza bwana. Nilichelewa siku nzima. Twende."

Jukwaa liliinuliwa. Liliyumba, kwa kuwa Pellegrino hakujua kuhesabu pumzi za watu, lakini liliinuka, na sanamu ikapita na noti za sadaka zilizobanwa kwa pini kwenye joho lake, mbele ya ndugu wawili. Wabebaji walipita nao. Wengine walikuwa wamefundishwa na Gaspare namna ya kuweka mguu na namna ya kupumua. Kila mmoja aliona lami tu. Totò alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini mpiko hakuuacha. Hakuna aliyeuacha. Walipokwisha kupita wakaja wanawake, na mjane mmoja mzee, bila kusema lolote, akasogea kuwapa Aniello na Gaspare nafasi, nao wakaingia katika mstari wakamfuata mtakatifu kwa nyuma.

Aniello hakulipata tena bega la baba yake, na Gaspare hakuishika tena ile fimbo. Tamthilia nayo iliendelea. Nardo Quaglia aliuawa na genge lake mwenyewe kabla mwaka haujaisha, na wanasema siku hiyo ukumbini walifungua divai. Wangojewe basi waje waeleze, hao waliokula na Aniello mkate mmoja na kumwita ndugu, walikuwa wapi mlango ulipofungwa nyuma yake. Bakuli zote zile hazikutoa hata bega moja. Bega lililotoka chini ya heshima yake likaja kusimama na lake juani, katika aibu ya kubandikwa, ni lile lililonyonya naye ziwa moja. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.